Beji ya Willkie na Maji ya Sabuni

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Orville amenipa daftari hili. Ni masalia ya duka lake la dawa, na chini ya kila ukurasa kuna tangazo la dawa ya kikohozi. "Andika andika humo, Berni," kasema, "badala ya kugombana na redio." Kweli huwa nagombana na redio, hasa miezi ya kampeni. Mtu pekee ninayeishi naye ni wa chama kingine, na akishindwa hoja huenda kufuta vumbi.

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi. Kwetu Youngstown, baba angekuwa amevaa koti lake la kanisani na kwenda kuandamana na wenzake wa kiwanda cha chuma. Hapa tumekula mahindi ya kuchemsha, kila mtu na siagi yake, na Orville amefuta vioo vya marais. Huu ni mwaka wa pili wa ndoa yetu. Mimi nina miaka sitini, yeye sitini na sita. Tungekuwa na akili tungeoana mapema, lakini mapema kila mmoja alikuwa na wake.

Alhamisi, 6 Septemba

Lazima nieleze kuta za nyumba hii, maana nusu ya maisha yangu sasa naishi na watu walioko ukutani.

Orville anakusanya beji za kampeni za urais. Si za jana. Za zamani, zile ndogo za bati zenye picha ya mgombea na gamba jembamba la kung'aa juu yake. Anazipanga kwenye fremu za kioo zenye pamba ndani, kila fremu na uchaguzi wake. Sebuleni yuko McKinley na ile ndoo ya chakula cha mchana aliyowaahidi wafanyakazi. Kwenye ngazi ni Bryan, ambaye aligombea mara tatu na kushindwa mara tatu, kwa hiyo anapanda ngazi nzima. Bafuni, kwa hisani yangu, hakuna mtu.

Chumba cha kulia ni cha Eunice, marehemu mke wake wa kwanza. Pale juu ya kabati la vyombo kuna fremu ya mwaka 1940, na katikati yake beji moja ya Willkie, yule aliyeshindwa na Roosevelt mwaka huo; Eunice aliivaa siku treni yake ya kampeni iliposimama stesheni hapa mjini. Alipokuwa anaibandika kwenye blauzi alijichoma na pini. Kijana wa duka la dawa aliyesimama karibu alikuwa na plasta mfukoni, naye ni huyu huyu Orville. Ndiyo hadithi yenyewe. Nimeisikia kwa Orville, kwa binti yao Phyllis, na kwa mchungaji wao.

Beji za Willkie zimejaa tele, Orville mwenyewe anasema hazina thamani. Ila hiyo moja haiguswi.

Jumapili, 9 Septemba

Phyllis kaja na mkate wa ndizi. Ni mwalimu wa hesabu, ana mabega ya baba yake. Ananiita "Bi Bernadine" kwa adabu kubwa, na kila nikimpa sahani anasema asante kana kwamba mimi ni mhudumu wa hoteli.

Jumanne, 11 Septemba

Orville ameondoka na rafiki yake Leland Crouse kwenda Pennsylvania kumwona mjane wa mkusanyaji mwenzao. Watarudi Ijumaa. Leland kaniachia kazi: "Shemeji, marais tunakukabidhi. Akitoroka mmoja piga simu."

Jumatano, 12 Septemba

Leo nimefanya jambo zuri sana.

Ile fremu ya Eunice ilikuwa imefubaa. Miaka yote hiyo ya kukaanga nyama na vitunguu hatua chache kutoka pale, mafuta yamepanda na kupenya hadi ndani ya kioo. Willkie alikuwa na uso wa manjano kama mgonjwa wa ini. Nikawaza, mzee akirudi akute fremu ya Eunice inang'aa, atajua kwamba mimi si mtu wa kumwonea wivu marehemu. Nikaifungua, nikatoa beji zote, nikazitia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikazisugua na mswaki laini, nikazianika juu ya taulo jikoni. Pamba nimeweka mpya. Kioo nimekipiga gazeti.

Sasa Willkie ana mashavu mekundu. Nimesimama pale mlangoni nikamwangalia kwa muda, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nimeshika kitu katika nyumba hii kikawa bora.

Ijumaa, 14 Septemba

Wamerudi wamechoka. Orville kapita chumba cha kulia, kasimama. "Zimeng'aa," kasema. Nikasema nimefuta kioo tu kidogo. Akanibusu kichwani. Sijui kwa nini sikusema kwamba nimeziosha. Nilitaka ionekane kazi ndogo, nadhani.

Jumatano, 19 Septemba

Majani ya mti wa jirani yameziba mfereji wa paa letu. Orville kasema atapanda ngazi. Nimemkataza.

Alhamisi, 20 Septemba

Leland alikuja kunywa kahawa. Alikuwa amenunua sanduku zima la beji kwenye mnada na alikuwa anazitazama moja moja, anaguna.

"Tazama hii, shemeji. Imekufa." Alinionyesha beji yenye madoa ya kahawia yaliyotambaa kutoka pembeni hadi kwenye paji la uso la mtu.

"Uchafu?" nikamuuliza.

"Kutu. Maji yameingia. Hili gamba la juu limekunjwa tu ukingoni, halikuzibwa. Tone likipenya hapo, linakaa kati ya karatasi na bati. Juu pakavu, ndani kunaoza. Huoni kitu mwezi mzima, halafu doa linaanza kuchungulia. Ukiingia msimu wa mvua ndiyo kwisha kabisa."

"Na mtu akiziosha?"

Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. "Azioshe nani? Mwendawazimu?"

Nikamwongezea kahawa. Ikamwagika tena, nikasema ni birika zito.

Ijumaa, 21 Septemba

Nimeikagua fremu mara tatu. Hakuna kitu. Labda sabuni yetu ni nzuri.

Jumanne, 25 Septemba

Mvua.

Jumatano, 26 Septemba

Mvua. Taulo za bafuni hazikauki.

Alhamisi, 27 Septemba

Mvua. Nimewasha hita ya chumba cha kulia, Orville akaizima. Kasema Septemba si mwezi wa hita na kwamba mimi nimezoea joto la viwanda.

Jumapili, 30 Septemba

Limetoka. Kwenye sikio la kushoto la Willkie, dogo kuliko punje ya ufuta, rangi ya chai. Phyllis alikuwa mezani akieleza habari za wanafunzi wake na mimi nilikuwa namwangalia Willkie sikioni, nyuma ya kichwa cha Phyllis. Kaniuliza, "Bi Bernadine, uko sawa?" Nikasema nimemeza kipande cha moto.

Walipoenda barazani nilichukua chombo cha maua ya dukani nikakiweka juu ya kabati, mbele ya fremu.

Jumatano, 3 Oktoba

Doa limefika shavuni. Nimenunua maua zaidi. Nimefungua pia taa ya ukutani nikalegeza balbu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Orville: "Haya maua yanakua ndani ya maji tu? Kila siku yanaongezeka."

Mimi: "Hewa ya hapa inayafaa."

Orville: "Na balbu imeungua."

Mimi: "Mwanga hafifu unafaa macho yetu, mzee. Tule."

Namdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Hata kuhusu bei ya pete yangu alisema kweli.

Jumapili, 7 Oktoba

Mdahalo wa wagombea kwenye televisheni. Wa kwangu kafanya vizuri. Orville kaenda kufuta vumbi. Nikamfuata mbio kumzuia asiingie chumba cha kulia, nikajifanya nataka kucheza muziki. Tumecheza sebuleni bila muziki, mbele ya McKinley. Alikuwa na furaha. Mimi nilikuwa najisikia mwizi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mvua. Sasa kuna madoa manne kwenye beji za pembeni pia. Willkie amepoteza sikio.

Jumapili, 14 Oktoba

Ijumaa ijayo ni mkusanyiko wao wa kila mwaka, hotelini Columbus. Orville anaongea hayo tu. Na nimejua leo jambo ambalo lingepaswa kuniua: ile fremu ya Eunice husafiri nao kila mwaka (mwaka jana nilikuwa Youngstown kwa dada yangu, sikuona). Jumamosi asubuhi huwekwa juu ya mto wa kitanda, haibadilishwi wala haiuzwi, na wenzao wa zamani hupita kumsalimia. "Watakuwa wanamsubiri," kasema Phyllis, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa laini.

Nikasema mimi ndiye nitakayefungasha.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimepata wazo. Beji za Willkie zimejaa tele. Orville alisema mwenyewe. Hotelini kutakuwa na mamia. Nitatafuta iliyo sawasawa na ile, nitaiweka katikati, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na Mungu, na Mungu na mimi tuna mambo mengine makubwa zaidi ya kuzungumza.

Ijumaa, 19 Oktoba, Columbus

Naandika nikiwa nimekaa ukumbini chini, kwenye kiti cha wageni, kwa sababu siwezi kupanda chumbani bado. Nitaandika yote.

Mkusanyiko wenyewe uko hivi. Wanakodi ghorofa nzima. Kila mtu anafungua masanduku na kumwaga beji zake juu ya shuka la kitanda, halafu anaacha mlango wazi. Mlango wazi maana yake ingia. Hakuna hodi. Unakuta wazee wenye visigino vya viatu vilivyochakaa wamepiga magoti kando ya vitanda vya watu wasiowajua, wameshika miwani ya kukuzia, na ungedhani ni sala ya jioni. Nilikuja nikiwacheka. Baadaye mmoja, mstaafu wa benki, aliniita nione beji ya mbawakawa wa dhahabu, alama ya watu wa McKinley, ambayo babu yake aliivaa mwaka 1896. Alikuwa anaongea kuhusu babu huyo kama aliyemwacha nyumbani asubuhi. Kicheko kikaniisha.

Orville alipanga vitu vyake kitandani. Fremu nilisema ibaki kwenye sanduku hadi kesho. Yeye na Leland wakaanza kubishana kuhusu Bryan, nami nikatoka.

Nilipita kitanda kwa kitanda. Willkie mwenye miwani, Willkie asiye na miwani, Willkie mkubwa kama sahani. Karibu na lifti, nikakuta chumba cha mama mmoja kutoka Indiana, Hazel Ruckman, mnene, anafuma sweta katikati ya beji.

"Unatafuta nini, dada?"

"Willkie. Mwenye picha, ukingo mwekundu, mweupe na bluu."

"Ukubwa wa nini?"

Nikaonyesha kwa kidole gumba. Akacheka. "Willkie ana beji nyingi kuliko kura. Chukua mkono wa kulia, karibu na mto."

Ilikuwepo. Ile ile, mashavu mekundu, sikio zima.

"Nikulipe kiasi gani?"

"Wewe ni mgeni hapa," kasema, bila kuacha kufuma. "Hatuuzi kabla ya Jumapili. Ijumaa na Jumamosi ni kubadilishana. Una nini?"

Nilikuwa na kitu kimoja tu. Katika pochi yangu, ndani ya kikopo cha sindano, huwa natembea na beji ya Roosevelt ya mwaka huo huo wa 1940. Ni ya baba. Kiongozi wao wa chama cha wafanyakazi aliwaambia wote wampigie Willkie. Baba akarudi nyumbani amevaa Roosevelt, kasema kwa Kislovakia chake kwamba kiongozi ni kiongozi lakini sanduku la kura ni la Ondrej, yaani lake mwenyewe. Aliivaa kiwandani, aliivaa kwenye maandamano, nadhani alilala nayo. Alipokufa, mama alinipa mimi kwa sababu kaka zangu wangeipoteza.

Niliwaza: hii ni yangu, ile ni ya mume wangu. Baba ataelewa. Nikamkabidhi.

Bi Hazel akaacha sindano za kufumia, akavaa miwani ya kukuzia, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hii imenyeshewa," kasema.

"Hapana."

"Dada, tazama." Akanipa ile miwani. "Doa limeanza huku chini, limepanda limemla hadi kwenye kola. Hili jingine hapa kwenye nywele. Pini imepinda, huyu aliyekuwa anaivaa hakuwa na huruma. Haina soko, nakwambia kweli." Kisha akanitazama usoni, akabadilika. "Lakini naona una shida. Lete tu. Mchukue Willkie wako."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Beji ya baba imejaa madoa. Imekuwa na madoa tangu nilipokuwa msichana, na mimi nimeitoa na kuirudisha kwenye kikopo miaka yote hiyo na sikuwahi kuyaona. Nilikuwa naona siku ya maandamano, mvua ikinyesha, mama anampigia kelele baba achukue kofia, na baba anakataa kwa sababu kofia ingeficha uso wake na yeye alitaka aonekane yuko upande gani.

Nikaichukua mkononi mwake. Nikasema, "Samahani, mama. Nimebadili mawazo."

"Hata mimi ningebadili," kasema, akarudi kwenye sweta lake.

Nilirudi chumbani. Nikamwambia Leland, "Shemeji, nipishe kidogo." Kisha nikafunga mlango. Katika ghorofa ile mlango uliofungwa ni kama king'ora cha moto. Nilisikia watu wamenyamaza nje. Nikafungua sanduku, nikatoa fremu kwenye taulo, nikaiweka kitandani mbele ya Orville.

"Niliziosha," nikasema. "Kwa maji na sabuni. Ulipokwenda Pennsylvania."

Akafungua fremu, akamchukua Willkie, akampeleka dirishani. Alimgeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Sikio lote limekwenda," kasema.

"Ndiyo."

"Na balbu?"

"Niliilegeza mimi."

"Na maua."

"Na maua, Orville."

Akamrudisha Willkie kwenye pamba taratibu sana. Akatoka, akaacha mlango wazi nyuma yake. Watu wakaanza kuingia kuangalia beji, na mimi nikakaa pale kwenye kona ya kitanda nikiwakaribisha, kwa sababu ndivyo desturi yao ilivyo.

Jumamosi, 20 Oktoba

Fremu haikuwekwa kwenye mto. Waliouliza aliwaambia, "Mwaka huu amebaki nyumbani." Kila aliposema hivyo nilijisikia nimemzika Eunice mara ya pili.

Jumapili, 21 Oktoba

Safari ya kurudi. Mvua. Leland kiti cha nyuma alijaribu habari za mpira, za hali ya hewa, na za ng'ombe tuliowapita. Mwishowe akasema, "Jamani, hata kwenye misiba watu huongea," akalala.

Jumatatu, 22 Oktoba

Mvua. Kimya.

Jumanne, 23 Oktoba

Kimya. Kala nusu sahani.

Jumatano, 24 Oktoba

Ananisalimia asubuhi, ananishukuru kwa chakula. Sasa nimekuwa mhudumu wa hoteli kwa watu wawili.

Alhamisi, 25 Oktoba

Nimetupa maua. Nimekaza balbu. Fremu imerudi ukutani, madoa yote hadharani. Kama ni aibu, basi iwe na taa.

Nimefikiria kwenda kwa dada yangu Youngstown kwa muda. Nimetoa sanduku, nikalirudisha. Baba hakunilea hivyo.

Jumapili, 28 Oktoba

Phyllis alikuja na mkate wake wa ndizi. Alikaa, akainua macho, uma ukasimama njiani.

"Nani kaziosha?"

"Mimi," nikasema. "Kwa kuzisugua. Ukitaka kunisema, nisubiri nimalize kugawa viazi, kisha unaweza."

Alimtazama baba yake. Akanitazama mimi. Halafu akaanza kucheka. Si kicheko cha kebehi. Alicheka hadi akashika meza, machozi yakamtoka, mabega yakatikisika.

"Baba! Hukumwambia?"

"Phyllis," kasema Orville.

"Miaka miwili na hukumwambia?" Akanigeukia. "Mama aliziosha! Mimi nilikuwa mdogo. Mchungaji mpya alikuwa anakuja kula, mama akaona beji za Bryan zina vumbi, akazitia zote kwenye beseni. Na magadi! Ngazi nzima ya Bryan! Baba alihamia dukani wiki nzima, akala sandwichi kwenye kaunta ya dawa. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea soksi."

"Nilikuwa kijana," kasema Orville, akitazama viazi vyake.

"Ulikuwa na umri wangu wa sasa, karibu. Bryan wa ngazini ni wa pili, Bi Berni. Wa kwanza mama alimuua."

Bi Berni. Nimelisikia. Sikusema kitu, nisije nikaliharibu.

Orville alisema polepole, "Nilimwambia azitupe. Nilikuwa na hasira. Nikamwambia sitaki kuziona tena humu ndani, na akazitupa kwenye pipa. Sikuwahi kumwomba radhi sawasawa."

Phyllis aliacha kucheka. "Hakuzitupa, baba," kasema. "Nitarudi kesho."

Jumatatu, 29 Oktoba

Phyllis amekuja moja kwa moja kutoka shuleni akiwa na kijisanduku cha biri. Kaeleza kwamba mama yake alizitoa kwenye pipa jioni ile ile, akazificha kwenye kabati la shuka, na alipougua akampa Phyllis azitunze. "Alikuwa anazitoa kila uchaguzi," kasema. "Anazimwaga kitandani, anacheka peke yake. Aliniambia, siku baba yako akizeeka ya kutosha, mpe."

Orville alifungua. Bryan, Bryan, Bryan, wote wa kahawia, wengine hata sura haionekani. Aliwashika mmoja mmoja. Halafu akalia, wazi wazi, mezani, na sisi wawili tukabaki tumekaa, mmoja kila upande.

Nilidhani ningeona wivu. Kwa kweli sikuuona. Nilitamani tu ningekunywa kahawa na Eunice, siku moja, bila yeye mzee kuwepo, tumsengenye.

Baadaye tukiosha vyombo, alisema, "Sikukasirika kwa ajili ya beji, Berni. Labda siku ya kwanza. Baadaye nilikasirika kwamba umekaa na jambo hilo wiki zote hizo unaninunulia maua badala ya kuniambia. Nikajiuliza, mimi ni mtu wa namna gani mpaka mke wangu aniogope."

"Sikukuogopa wewe. Niliwaogopa hao wa ukutani."

"Wamekufa."

"Ndiyo maana hawasamehi."

Akacheka, kwa pua, jinsi anavyocheka. Kisha akaniuliza kama kweli nilikuwa nataka kubadilisha beji ya baba. Nilishangaa, kumbe Bi Hazel alimsimulia Jumapili, akidhani anajua. Nikasema nilikuwa nataka. Akakausha sahani ile ile kwa muda mrefu.

Alhamisi, 1 Novemba

Leland kaambiwa yote. Kaja na kipande cha sabuni ya vyombo kilichofungwa utepe. "Zawadi ya ndoa, shemeji. Nilichelewa."

Jumapili, 4 Novemba

Orville kataka tumweke Roosevelt wa baba kwenye fremu ya 1940, kando ya Willkie. Phyllis kasema kuna nafasi, kapima na rula. Nimekataa. Nimewaambia baba hakuiweka kwenye pamba hata siku moja.

Jumanne, 6 Novemba

Siku ya kura. Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba isiyo na haraka. Wote tunajua nani atashinda, na siyo wangu. Nimevaa hata hivyo, na kwenye kola ya koti nimebandika beji ya baba. Pini iliyopinda ilinisumbua.

Nilipotoka, Orville alikuwa amesimama chumba cha kulia, fremu imefunguliwa. Alikuwa anajaribu kumbandika Willkie kwenye koti lake na vidole haviko imara. Sikuwahi kumwona akivaa beji. Wakusanyaji hawavai, pini ikifunguliwa mara nyingi inakatika. Nikamsaidia.

Kituo chetu kiko kwenye jengo la zima moto. Mlangoni alikaa jirani yetu Dale, amevaa kitambulisho cha msimamizi na uso wa kazi.

"Mama Teagarden, samahani. Hairuhusiwi kuingia na beji ya mgombea."

"Mgombea gani, Dale?"

Akainama kusoma. Akanyooka, shingo imekuwa nyekundu.

"Ukimkuta kwenye karatasi ya kura niite," nikamwambia, "nimpigie."

"Na wewe, Bwana Orville?"

"Mimi niko na mpinzani wake," kasema Orville. "Nasikia safari hii tuna nafasi."

Dale akatupisha. Tukapiga kura, yeye kule, mimi huku, kila mmoja akafuta kura ya mwenzake kama tulivyofanya mara ya mwisho na tutakavyofanya mara ijayo.

Nje mvua ilikuwa imeongezeka na mwavuli tuliusahau nyumbani. Orville alivuka kizingiti akainua kiganja, bila kufikiri, akamfunika Willkie kifuani, jinsi mtu anavyokinga mshumaa. Tulikwenda hivyo hatua chache. Kisha akanitazama mimi, nikiwa na Roosevelt wa baba anayenyeshewa tena baada ya miaka yote hiyo, matone yakimtiririka usoni. Akashusha kiganja chake kutoka kwenye beji, akanishika mkono. Tulitembea polepole, tukafika nyumbani tumelowa wote wanne.